Bendera Yetu, Jukwaa Lao

Juni 2024 ilianza na bendera na ikaisha na bendera. Tarehe 1, katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, Bungoma, bendera ya taifa ilipanda mlingotini kwa gwaride na wimbo, Rais akiwa jukwaani, waalikwa kivulini na wananchi juani, kama ilivyo ada ya Sikukuu ya Madaraka. Tarehe 25 bendera hiyohiyo ilikuwa barabarani. Vijana wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret walikuwa wameifunga kiunoni, wameitupia mabegani, wengine wameinua kwa mikono miwili juu ya kichwa huku wakiupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi. Wimbo wa taifa uliimbwa mbele ya polisi waliobeba vitoa machozi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ilikuwa sherehe ya taifa, nitakujibu ni zote mbili, ila ya pili ilitueleza mengi zaidi kuhusu ya kwanza. Kwa miaka mingi wakubwa wetu wamechukulia kwamba bendera na jukwaa ni kitu kimoja: anayesimama wima bendera inapopanda, basi heshima hiyo inamfikia pia aliyeketi chini yake. Huku kwetu, kuanzia Nakuru kuteremka hadi ziwani, watu walikwisha kuvitenganisha zamani. Bendera wanaipenda. Jukwaa wanalipima, kila mwaka, kila hotuba. Wako wanaoita tabia hiyo utovu wa uzalendo, na wengine, hasa kila inapokaribia kampeni, huifanya kuwa ugonjwa wa kabila moja. Mimi naona ndiyo namna pekee ambayo alama za taifa zimebaki hai katika nchi ambayo mara kadhaa imewaumiza walioziimbia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo ya taifa na muhuri wa umma. Palepale inataja sikukuu tatu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Muhuri tuuache, maana wanaokutana nao ni mawakili na wapiga chapa wa serikali. Bendera ndiyo imeshuka mtaani. Pita Kondele, hapa Kisumu, siku chache kabla ya sikukuu uone. Mchuuzi amejaza mchanga kwenye ndoo kuukuu ya rangi ya ukuta, amezichomeka humo bendera ndogo za vijiti, na bangili za shanga nyeusi, nyekundu na kijani zimepangwa kwenye bomba la plastiki ambalo amelifunga kifuani kwa kamba. Mwenye bodaboda anasimama bila kuzima injini, anachagua moja, anaipima kwenye kioo cha upande wa kulia, anaomba apunguziwe, anapunguziwa kidogo, anaondoka inapepea. Sheria ya bendera inawataja wachache tu wanaoruhusiwa kuipeperusha kwenye gari: Rais, naibu wake, Jaji Mkuu, mawaziri, maspika wa mabunge mawili. Magavana walipoanza kujipa heshima hiyo baada ya 2013 walikatazwa. Wa bodaboda hajakatazwa na mtu, na nadhani ni vizuri hivyo. Herufi ya sheria ile ingefuatwa siku timu yetu ya taifa, Harambee Stars, inapocheza robo fainali, kama ilivyokuwa kwenye kombe la kandanda la CHAN Agosti 2025, seli zote za Kisumu zingejaa kabla ya kipenga cha mapumziko.

Rangi zenyewe tunazikariri tangu shule ya msingi: weusi ni watu, wekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, weupe ni amani. Mwalimu hasemi kwamba rangi tatu za kwanza zilikuwa na chama kabla hazijawa na nchi. Zilikuwa za KANU, chama kilichounda serikali ya uhuru. Ilipofika 1963, mwaka wa uhuru, bendera ya chama isingeweza kupandishwa hivihivi kuwa bendera ya watu wote, na ndipo milia miwili myembamba ya weupe ikaingizwa katikati. Weupe huo wengi huuhusisha na KADU, chama cha waliohofia kumezwa na makabila makubwa, kilichoongozwa na Ronald Ngala pamoja na akina Masinde Muliro na Daniel arap Moi. KADU walitaka majimbo, yaani kila eneo lijiendeshee mambo yake. Walipewa majimbo kwenye katiba ya uhuru, wakanyang'anywa hatua kwa hatua, na Novemba 1964 chama kikajivunja na wabunge wake kuhamia upande wa serikali. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Desemba, nchi ikawa jamhuri.

Kwa hiyo Jamhuri ya kwanza kabisa ilisherehekewa chini ya bendera ambayo mmoja wa waliopatana juu yake hakuwepo tena. Nayasema haya kwa sababu ya Kanduyi. Uwanja ule una jina la Muliro, naibu kiongozi wa KADU, mtu wa majimbo. Nchi sasa ina kaunti 47, na sherehe ya Madaraka imefika Bungoma kwa sababu ya ugatuzi, yaani wazo lilelile alilolipigania likarudi nusu karne baadaye kwa jina jingine. Ingekuwa mimi niliyepewa kazi ya kuandika hotuba ya siku ile, ningeanzia kwenye ile milia myeupe.

Nembo nayo ina historia yake ya kisiasa. Simba wawili wameshika mikuki na ngao, katikati jogoo ameinua shoka, chini neno Harambee. Jogoo ni wa KANU. Chama kilishindwa uchaguzi wa 2002, kikaondoka Ikulu, lakini jogoo bado anawika kwenye pasipoti ya kila Mkenya, awe alikipigia kura au alilala rumande kwa ajili yake. Watu wamemsamehe. Sijawahi kumsikia mtu wa Nyanza akikataa pasipoti kwa sababu ya jogoo, na hao ndio wale ambao wazazi wao walikatazwa hata kulitaja jina la Jaramogi, mpinzani mkubwa wa KANU, hadharani.

Ila tazama chini ya simba. Pale pamechorwa Mlima Kenya, na mbele yake mazao: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Magharibi tumo, hilo nakubali. Mahindi ni Trans Nzoia, chai ni Kericho na Nandi, pareto ni Molo na kiwanda chake kiko Nakuru. Lakini ziwa halimo. Samaki hayumo. Miwa haimo, ingawa viwanda vya Muhoroni na Chemelil vilijengwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru na Mumias ikafuata mwaka 1973. Anayezaliwa Dunga, Usenge au Port Victoria anapewa nembo ya mlima ambao pengine hatauona maishani, na maji anayoogea kila asubuhi hayana hata mstari mmoja wa buluu.

Simwombi mtu aichore upya. Nembo ni picha ya uchumi wa 1963, uchumi wa mashamba ya masetla, na picha ya zamani haina haja ya kupakwa rangi mpya ili ipendeze. Tatizo ni kuisoma kama ahadi. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto; kisha malipo ya wakulima yakacheleweshwa hadi wengi wakaing'oa, na leo kuna watoto wa Molo ambao wanalijua ua lile kwenye nembo kuliko shambani. Mumias, kilichokuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote, kiliishia mikononi mwa mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019. Alama nyingine zimehama zenyewe. Nakuru imejulikana duniani kwa heroe, wale ndege wa waridi waliojaza ukingo wa ziwa. Maji yakapanda mwaka baada ya mwaka, chumvi ikapungua, chakula chao kikapungua nayo, wengi wakahamia Bogoria. Mabango ya mji bado yamewachora. Kifaru angalau amepata mahali: tangu Desemba 2018 yuko kwenye sarafu ya shilingi 5, nasi tunamtoa mfukoni kulipia nyanya pale Wakulima Market bila kumtazama.

Hizo sarafu zina funzo dogo kuhusu jukwaa. Katiba inakataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote. Wakenya walikuwa wamechoka kubadilishiwa uso kila Rais anapobadilika. Noti mpya zikazinduliwa Narok, Sikukuu ya Madaraka ya 2019, na upande wake wa mbele kuna jumba la mikutano la KICC. Mbele ya jumba hilo, nje kabisa mahali pake pa kawaida, ameketi Jomo Kenyatta wa shaba. Kesi ikafika mahakamani. Utetezi ulikuwa kwamba sanamu ni sehemu ya mandhari ya jengo. Labda. Lakini kati ya majengo yote ya nchi hii, lilichaguliwa lile lenye Mzee mbele yake, na siku iliyochaguliwa kutuonyesha ni sikukuu ya taifa, huku mwanawe akiwa ndiye Rais.

Kuna mahali ambapo bendera haihitaji mwalimu wa kuieleza. Migingo ni kisiwa kidogo kuliko uwanja wa mpira, mwamba uliovikwa mabati tangu ukingoni hadi kileleni, upande wa Muhuru Bay katika kaunti ya Migori. Tangu 2009 swali la bendera ya nani ipepee pale limezivuta Kenya na Uganda huku na huku. Mvuvi wa mbuta anayelala pale hashangilii kitambaa. Bendera kwake inamwambia ni polisi wa nani watakaomsimamisha usiku, ushuru atalipa kwa shilingi ipi, na nyavu zake zikichukuliwa atalalamikia ofisi ya upande gani. Kenya inamiliki asilimia 6 tu hivi ya Ziwa Victoria, na samaki hawana pasipoti. Wavuvi wetu wamekamatwa mara nyingi kwenye maji ambayo wao wanaamini ni yao. Ukitaka kujua Mkenya gani anaijua bendera yake vizuri, nenda huko kabla hujaenda Nairobi. Na ni huko huko ambako, serikali ikiwa jukwaani inasifu mipaka yetu, mtu anauliza kwa haki: mbona hamkuja juzi tulipopiga simu?

Sasa nije Kisumu, maana bila Kisumu hoja hii haina miguu.

Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Ilikuwa siku ya fahari kwa mpangilio wake wote: bendera, bendi, watoto wa shule wamepangwa barabarani na bendera zao za karatasi. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai 5 na machungu hayajapoa. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa Rais, alikuwa sasa kiongozi wa upinzani, KPU. Maneno makali yakatupwa kutoka jukwaani, umati ukajibu, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi, na waliendelea kufyatua msafara ulipokuwa ukitoka mjini. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji wametaja idadi kubwa zaidi tangu siku ile, na miongoni mwa waliofikwa na risasi ni watoto waliokuja kupunga bendera. KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Mzee Kenyatta hakurudi Kisumu tena.

Watu wa Kisumu wangeweza kuichukia bendera baada ya siku ile. Hawakuichukia. Walichofanya ni kuiita hospitali "Russia", na mpaka leo ukimwambia wa tuktuk "nipeleke Russia" atakupeleka. Rasmi sasa inaitwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, yaani ina jina la yule aliyefungwa kwa sababu ya siku ya ufunguzi wake. Na uwanja mkubwa uliojengwa Mamboleo, kwenye kilichokuwa kiwanja cha maonyesho ya kilimo, ukapewa jina la Jomo Kenyatta. Mtu anaweza kuvuka mji huu kutoka jina moja kwenda jingine kwa nauli ya matatu.

Uwanja huo ulipokea Madaraka ya 2021, mara ya kwanza Kisumu kuandaa sherehe hiyo ya kitaifa. Uhuru Kenyatta alikuwa Rais, Raila Odinga mgeni wa heshima wa karibu kuliko wengi, kwani handisheki ya Machi 2018, walipopeana mikono kupatana, ilikuwa bado ina joto. Wana wawili wa wale wazee wa 1969, mji uleule. Idadi ya walioruhusiwa uwanjani ilipunguzwa kwa sababu ya korona, lakini mji mzima ulikuwa na sikukuu. Barabara zilikuwa zimepakwa rangi, taa zimefungwa, bandari imefufuliwa. Nakumbuka mazungumzo ya siku zile vibandani yalikuwa ya lami zaidi kuliko ya historia. Hilo linaudhi wasomi. Mimi haliniudhi. Mji uliosubiri miaka 52 una haki ya kuhesabu taa zake kwanza.

Ila lami ina upande wake. Tangu serikali ilipoanza kuzizungusha sherehe, Nakuru ikiwa ya kwanza nje ya Nairobi kwa Madaraka ya 2016 pale Afraha, siku ya taifa imekuwa kama zamu ya kupikiwa. Kakamega walipata Mashujaa ya 2018 Bukhungu, Kisii ya 2020, Kericho ya 2023. Bungoma Madaraka ya 2024, Homa Bay ya 2025. Kila kaunti inayofikiwa hupata uwanja, au nusu ya uwanja, barabara kadhaa, na hoteli zake hujaa kwa siku tatu. Baada ya hapo swali linalobaki midomoni ni "sisi tutapata lini?" Bendera inageuka kuwa kisingizio cha kandarasi. Kaunti ambayo haijafikiwa inajiona haimo katika Kenya, na iliyofikiwa inaambiwa ishukuru. Barabara ya Kanduyi ilikuwa haki ya watu wa Kanduyi hata kama gwaride lingefanyika Lamu.

Afraha ya 2016 ilituonyesha pia kwamba mzunguko peke yake hauunganishi kitu. Siku hiyohiyo upinzani, CORD, ulikuwa na Madaraka yake Uhuru Park. Nchi moja, tarehe moja, wimbo mmoja, majukwaa mawili. Wale waliosema kwamba sherehe ya pili ilikuwa dharau kwa taifa walikosea mlango. Kule Uhuru Park bendera ilikuwepo, wimbo uliimbwa. Kilichokosekana ni utiifu kwa waliokuwa Afraha, na utiifu kwa mtu haumo kwenye orodha ya kifungu cha 9.

Lakini uwanja mkubwa huona sherehe moja kwa mwaka. Sherehe ambayo Wakenya wengi huiona, na ambayo wachambuzi wa Nairobi hawaiandiki, ni ile ya kaunti ndogo. Ipo kila mahali, kuanzia Webuye hadi Nyando. Kiwanja cha shule au cha ofisi ya naibu kamishna. Mahema mawili ya kukodi, viti vya plastiki kwa wazee na wakuu wa idara, machifu ndani ya kaki iliyopigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Maskauti wanaipandisha bendera ikiwa imekunjwa kama kifurushi. Kamba inavutwa kwa nguvu, kifurushi hakifunguki, kinavutwa tena, halafu kinafunguka kwa ghafla na watoto wanapiga makofi kwa ahueni kuliko kwa uzalendo. Ngonjera. Kwaya ya akina mama. Ngoma ya isukuti ikiwa ni upande wa Kakamega, na hapo ndipo watu wanapoamka. Kisha ofisa anafungua bahasha na kusoma hotuba ya Rais, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiingereza, mbele ya watu ambao nusu yao wana redio mfukoni na wataisikia jioni.

Sielewi kwa nini tunaendelea na usomaji huo. Ulikuwa na maana wakati gazeti lilifika baada ya siku mbili. Leo unachukua saa nzima ya jua, na ndiyo saa ambayo wenyeji wangeweza kuwekwa mbele: mwalimu aliyestaafu, mvuvi aliyeokoa watu, mama aliyepanda miti ya chanzo cha mto. Hata Rais mwenyewe akiwa uwanjani, anayesikilizwa ni yule wa dakika za mwisho, anapoikunja karatasi ya Kiingereza na kuanza kusema Kiswahili. Tangu Jomo, tangu Moi, taifa limekuwa likisubiri hapo. Hapo ndipo anapotania, anapotisha, anapomjibu mpinzani wake. Huko nyuma karatasi ilikuwa ya mabalozi.

Wimbo wa taifa nauheshimu kuliko alama zote nne, na si kwa maneno yake. Ulijengwa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, kutoka Tana River, na kamati ya watu watano ndiyo iliyoutengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walitoka pande tofauti, wakachukua sauti ya mama wa jamii ndogo ya mtoni, jamii ambayo haikuwa na waziri wa kuipigania kwenye meza ile, wakaifanya ya wote. Nembo ilichukua cha mwenye nguvu. Wimbo ulichukua cha asiye na nguvu. Huenda ndiyo sababu vijana wa 2024 hawakuona aibu kuuimba, ilhali hakuna aliyetoka na jogoo.

Mashujaa ndiyo sikukuu ngumu kuliko zote kwa magharibi. Tarehe 20 Oktoba ni ya 1952, usiku wa hali ya hatari, walipokamatwa Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Achieng Oneko. Mpaka 2010 iliitwa Kenyatta Day, siku ya mtu mmoja kati ya hao sita. Wote walishtakiwa Kapenguria, Pokot Magharibi, kwa hiyo hata uzito wa jina lile uko upande wetu. Oneko alitoka Siaya, akawa mbunge wa Nakuru mwaka 1963, jambo ambalo leo, kwa siasa zetu za kuhesabiana, lingehitaji miujiza. Na siku moja tu kabla ya tarehe hiyo kwenye kalenda, tarehe 19 Oktoba 1905, ndipo Koitalel arap Samoei wa Nandi alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen alipokuja kwenye kile alichoambiwa ni mkutano wa amani. Wanandi walikuwa wamepigana na reli na serikali yake kwa zaidi ya miaka kumi. Shule zetu zinamtaja kwa aya moja.

Mwaka 2025 tarehe hizo zilibanana kwa namna ambayo hakuna ofisi ya itifaki ingeweza kuipanga. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba. Tarehe 18 mwili wake uliletwa Mamboleo, ndani ya uwanja wenye jina la Jomo Kenyatta, jeneza limefunikwa bendera ya taifa, na watu wakajaa kuanzia usiku, matawi mikononi kama desturi ya maombolezo ya Wajaluo inavyotaka. Tarehe 19 alizikwa Bondo, siku ya Koitalel. Tarehe 20 nchi ikawa Kitui kwa Mashujaa. Bendera na tawi, pamoja, mkononi mwa mtu yuleyule: kule Mamboleo hakuna aliyeona kwamba kimoja kinakipinga kingine, na hakuna aliyehitaji kuamrishwa asimame.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayeipenda bendera na kulizomea jukwaa anaifanyia nchi ukatili, kwamba taifa changa linahitaji nidhamu, kwamba sikukuu si siku ya madai. Nimeisikia hoja hiyo hata kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni 1969. Watoto waliopangwa barabarani siku ile walikuwa na nidhamu yote inayotakiwa. Kilichowaponza ni kwamba waliokuwa jukwaani waliona kelele za watu kuwa shambulio dhidi ya nchi. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kikajifunza kusimama kwa bendera huku jicho moja liko kwa aliyeshika bunduki, na nchi haina haki ya kukilaumu kwa jicho hilo.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na mauaji ya Kisumu yamo ndani yake. Machi 2015 Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa makosa ya serikali zilizopita na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Baada ya hapo jambo limelala. Familia zilizozika mwaka 1969 bado ziko Nyalenda, Manyatta, Kano na Seme, na majina ya waliokufa yanajulikana kwao. Mashujaa ijayo, ile saa ya kusoma hotuba ya Rais pale Kisumu ingetosha kuyasoma, kwa utaratibu, bendera ikiwa imekwisha kupanda na watu wakiwa bado wamesimama. Kamishna wa kaunti hahitaji uwanja mpya kwa kazi hiyo, wala zabuni. Anahitaji kuomba orodha, na kuanza kuiomba sasa, kabla wazee wanaoikumbuka hawajaisha.